Kioo Mbele ya Kioo: Uhakiki wa Istilahi katika Mswada wa Kofia ya Maleba

Mswada tunaouhakiki katika makala haya uliletwa mezani petu na kijana mmoja, mwanachama wa kikundi cha maigizo, ambaye alikuwa na ombi dogo tu: Kiswahili chake kitazamwe kabla hajaupeleka kupigwa chapa. Ni mwongozo wa kutengeneza, kwa gharama ndogo, kofia ya kuvaliwa jukwaani ambayo mvaaji wake huona maandishi yakielea mbele ya macho, na papo hapo huendelea kumwona aliyesimama mbele yake. Kikundi hicho kina mchezo ambao mhusika wake mkuu ni mtu wa chuma asiyevua kofia tangu pazia linapofunguliwa hadi linapofungwa, na mwandishi wa mswada aliwaza kwamba, kwa kuwa uso wa mwigizaji umefunikwa, maneno ya kumkumbushia yangeweza kupita humo ndani pasipo mtazamaji kujua. Wazo hili si geni kwingineko. Huko Marekani na Ulaya wako watu wengi wanaojishonea na kujiundia mavazi ya wahusika wa filamu, na tangu filamu ya Iron Man ilipotoka mwaka 2008, ambamo watazamaji walionyeshwa uso wa shujaa ndani ya kofia yake ukizungukwa na alama za nuru, kofia za namna hii zimekuwa zikijaribiwa na watu wasio wahandisi, kwa vifaa vya bei nafuu.

Kwanza yafaa nikiri kosa langu, maana pasipo kulikiri uhakiki huu hautakuwa na msingi. Mswada huo niliusoma mara ya kwanza kama tulivyozoea kusoma miswada: kalamu mkononi, kamusi ubavuni. Nilisahihisha upatanisho wa kisarufi mahali kadhaa, nikagawa sentensi mbili tatu zilizokuwa ndefu mno, nikaandika pembeni kwamba lugha ni safi na istilahi zaeleweka. Majuma machache baadaye nilialikwa kwenda kuitazama kofia ya kwanza iliyotengenezwa kwa kuufuata mswada. Aliyeitengeneza hakuwa mwandishi mwenyewe, bali fundi redio wa makamo, mtu asomaye Kiswahili vizuri na asiyejua Kiingereza, yaani hasa yule msomaji ambaye sisi husema kila siku kwamba tunamfanyia kazi. Nilipoitwaa kofia na kutazama ndani nilikuta kipande cha kioo cha dirisha, kimekatwa vizuri, kingo zake hazijasuguliwa, kimegandishwa kwa gundi mshazari, umbali wa vidole vitatu kutoka litakapokuwa jicho la mvaaji. Nikamwuliza kwa nini ameweka kioo.

"Mwanangu," akasema, "karatasi imesema kioo, nami nimeweka kioo. Tena nimetafuta kilicho safi."

Hakuwa na kosa. Neno lilikuwa pale katika mswada, na pembeni yake ilikuwapo alama yangu ya kukubali. Laiti mwigizaji angeivaa kofia ile akajikwaa jukwaani, kioo kile kingevunjikia machoni pake. Tangu siku hiyo niliuchukua mswada upya, nikausoma nikiwa nimeketi karibu na fundi, yeye akitenda na mimi nikitazama ni neno gani linampeleka wapi. Haya yafuatayo ni matokeo ya usomaji huo wa pili.

Ili msomaji aweze kufuata hoja, hatuna budi kukieleza chombo chenyewe kwa ufupi. Kina sehemu nne. Ya kwanza ni kiwambo kidogo kinachotoa nuru. Kile kinachotumiwa sana na wajenzi wa nyumbani kina ulalo wa inchi 0.96 na nukta 128 kwa 64. Ya pili ni kompyuta ndogo ya bamba moja inayokiamuru kiwambo kiandike nini, na hapa jamii ya Arduino, iliyoanzia katika mji wa Ivrea, Italia, mwaka 2005, ndiyo iliyowafungulia mlango watu wa kawaida. Ya tatu ni lenzi. Ya nne ni bamba jembamba lipitishalo nuru, lililoinamishwa nyuzi 45 mbele ya jicho. Nuru hutoka kwenye kiwambo, ikapita katika lenzi, ikagonga bamba lile, na sehemu yake ndogo ikaakisiwa kuingia jichoni. Na kwa kuwa bamba hupitisha nuru, mvaaji huona pia yaliyo mbele yake. Kazi ya lenzi ni kulisaidia jicho. Jicho la kijana mwenye afya haliwezi kuona sawasawa kitu kilicho karibu kuliko sentimita 10 hivi, na vitabu vya fizikia huchukua sentimita 25 kuwa umbali wa kusomea pasipo taabu, ilhali ndani ya kofia nafasi yote ni sentimita chache tu. Lenzi huifanya taswira ionekane kana kwamba iko mbali, jicho likapumzika.

Inapendeza kukumbuka kwamba hila hii ilitoka jukwaani. Mwaka 1862, katika Royal Polytechnic Institution ya London, John Henry Pepper, akiendeleza wazo la Henry Dircks, aliwaonyesha watazamaji mzuka uliosimama pamoja na waigizaji. Mzuka huo ulikuwa akisi tu ya mtu aliyefichwa, juu ya kioo kikubwa kilichoinamishwa. Mwaka 1900 Howard Grubb wa Dublin aliitumia kanuni hiyo hiyo katika chombo cha kulengea shabaha. Kutoka hapo ikaingia katika ndege za kivita, ili rubani asiinamishe kichwa kutazama saa na mishale, na mwaka 1988 kampuni ya General Motors iliiweka katika gari la Oldsmobile Cutlass Supreme. Sasa imerudi jukwaani, imo ndani ya kofia. Waigizaji wetu hawakuazima kitu cha watu. Wamechukua kilichokuwa chao.

Sasa tuingie katika istilahi, na tuanze na hilo neno kioo, kwa kuwa ndilo lililoleta hatari.

Katika mswada neno hili limetumika kwa vitu vinne. Kiwambo kimeitwa "kioo cha maandishi". Lenzi imeitwa, mahali pengine, "kioo cha kukuzia". Bamba lililoinama limeitwa "kioo cha mbele". Na katika sura ya mwisho, ambapo mwandishi anaeleza jinsi ya kuipinda njia ya nuru pale ambapo kofia ni nyembamba, kuna "kioo" tupu, ambacho safari hii ni kioo hasa, cha kujitazamia. Iko sentensi moja inayomwagiza msomaji aweke kioo mbele ya kioo cha kukuzia kisha akielekeze kwenye kioo kilichoinama. Nilipoisoma mara ya kwanza sikuiona kuwa na walakini, kwa sababu nilikuwa na mchoro wa Kiingereza kichwani mwangu, nikawa nasoma mchoro badala ya kusoma sentensi. Hili ndilo gonjwa letu sisi tunaoshughulika na istilahi: tukishajua kitu, neno lolote twaliona linatosha.

Mtu asidhani kwamba namlaumu mwandishi, wala kwamba nawalaumu mafundi simu ambao wamelipanua neno hili. Kwa asili kioo ni kitu, na tena ni kazi: ni ile mada ngumu ipitishayo nuru inayovunjika vigae, na ni kile kitu ambacho mtu hujitazamia uso. Simu za mkononi zilipoenea, uso wake wa mbele ulikuwa wa kioo kweli, na mtu aliyeangusha simu yake akasema kioo kimepasuka, akasema kweli tupu. Kutoka hapo neno likahama polepole likachukua hata kile kinachoandika ndani yake. Ni mwendo wa kawaida wa lugha yoyote iliyo hai. Katika mazungumzo hakuna anayepotea, kwa kuwa simu iko mkononi na kidole chaonyesha. Lakini mwongozo ni maandishi yanayomfikia mtu asiyeona bado kitu kinachozungumzwa. Hana pa kuegemea ila neno. Hapo ndipo msamiati wa kila siku unapotengana na istilahi. Msamiati wa kila siku waweza kubeba maana nne kwa neno moja na watu wakaelewana. Katika istilahi, kitu kimoja hakina budi kuwa na jina lake.

Mwenzangu mmoja ofisini alishauri tuliondoe neno kioo kabisa na kutia kiwambo kila mahali, kwa kuwa kiwambo tayari limo katika maandishi ya kompyuta. Sikukubaliana naye. Kiwambo latokana na kuwamba, yaani kuivuta ngozi na kuikaza juu ya ngoma au fremu, na kitu kilichowambwa hukinga; jicho huishia hapo. Kwa ile sehemu ya kwanza, ambayo maandishi hutokea juu yake na mtu hatazami ng'ambo, neno hili linafaa sana. Kwa sehemu ya nne, ambayo shabaha yake yote ni kwamba mtu aone ng'ambo, kiwambo ni kinyume cha mambo.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Neno kioo libaki na kazi zake mbili za zamani tu, na katika mswada huu litumike mahali pamoja, katika sura ya mwisho. Sehemu ya kwanza iitwe kiwambo. Sehemu ya nne iitwe kiakisi kiangavu, maana huakisi na hupitisha kwa pamoja. Lakini hapa nakiri kwamba nilipomjaribu fundi kwa istilahi hiyo, nikamwuliza ameelewa nini, alinijibu kuwa ni kitu kinachong'aa, akanionyesha kifuniko cha sufuria. Angavu katika Kiswahili ni chenye kung'aa na tena ni chenye kupitisha nuru, na kwa fundi ile maana ya kwanza ndiyo iliyo karibu. Sitaiacha istilahi kwa sababu hiyo, kwa kuwa katika masomo ya sayansi maana ya pili imekwisha kukaa. Ila mahali pa kwanza inapotajwa lazima ifuatwe na maelezo kwamba ni bamba la plastiki ngumu ipitishayo nuru, wala si kioo cha dirisha, na kwamba kingo zake zisuguliwe. Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko istilahi yenyewe.

Jambo jingine la sehemu hii, ambalo mswada umelipita kimya, ni wembamba. Bamba tupu huakisi takriban asilimia 4 ya nuru kwa kila uso inapoangukia wima, na zaidi kidogo inapoangukia mshazari. Nyuso ni mbili, kwa hiyo akisi ni mbili; bamba likiwa nene, mvaaji huona kila herufi na kivuli chake pembeni. Mwandishi ameandika tu "zuri". Zuri si kipimo.

Nageukia lenzi. Kinachotakiwa hapa ni lenzi mbinuko, iliyo nene katikati. Mswada umeandika lenzi mbonyeo, ambayo ni nyembamba katikati. Fundi wetu hakulijua neno hilo, akamwuliza mwanafunzi wa jirani, na mwanafunzi akamjibu sawasawa, akamwambia mbonyeo ni ile iliyobonyea. Fundi akaenda kwa fundi miwani akaipata. Angalieni jinsi kila mtu alivyotenda haki yake: mwanafunzi alijua, fundi alifuata, fundi miwani alitoa alichoombwa, na kazi ikaharibika kwa neno moja ambalo lilikaa katika karatasi likionekana la kitaalamu.

Tuseme lenzi zote mbili zina urefu wa fokasi wa milimita 50, na kiwambo kiko milimita 45 nyuma ya lenzi. Kwa lenzi mbinuko, taswira huonekana umbali wa milimita 450, imekuzwa mara 10. Ni sawa na mtu anayesoma kitabu mkononi. Kiwambo kikisogezwa nyuma milimita 3 tu, taswira huenda hadi mita 1.2. Kwa lenzi mbonyeo, taswira huja karibu zaidi ya kiwambo chenyewe, milimita 24 hivi kutoka kwenye lenzi, nayo imepungua karibu nusu. Hicho ndicho alichokiona fundi: nukta ya nuru isiyosomeka. Alikaa siku mbili akidhani kosa liko katika nyaya.

Je, istilahi zenyewe ni mbaya? Sioni hivyo. Zimeundwa kwa vitenzi vya Kiswahili vilivyo wazi. Kubinuka na kubonyea ni mambo mawili tofauti hata kwa mtoto. Udhaifu wake ni kwamba zinafanana kwa sauti, zote zaanza kwa mb- na kuishia kwa -o, na ubongo wa mtu anayeharakisha hunyakua yoyote iliyo karibu. Mwandishi aliponijibu barua yangu alisema alizijua zote mbili tangu shuleni na hakuwahi kuzipambanua. Katika kitabu cha shule, ambamo mwalimu husimama na chaki, si neno. Katika mwongozo wa fundi napendekeza istilahi iandamane na alama ya kushikika: lenzi mbinuko, iliyo nene katikati, ambayo mafundi saa huitumia kukuzia. Mafundi saa wanayo kila mmoja mezani pake. Ingekuwa ajabu tumwache mtu mwenye kitu hicho asikitambue kwa sababu tumempa jina lake la mtihani peke yake.

Hapa pia niseme kidogo juu ya "picha ya uongo". Mwandishi amekusudia taswira isiyo halisi, yaani ile ambayo nuru haipiti hasa mahali inapoonekana. Fundi alidhani anaonywa kwamba chombo kitamdanganya. Iandikwe taswira isiyo halisi, na ielezwe mara moja, basi.

Sasa jina la chombo kizima, ambalo ndilo lililowasumbua wengi waliousoma mswada. Mwandishi amekiita "onyesho la kichwa juu". Nusu ya kosa hili ni yangu. Katika orodha fulani ya istilahi niliyoiandaa miaka michache iliyopita nilipendekeza onyesho kwa kila namna ya chombo kinachoonyesha maandishi au namba, nami nililitoa moja kwa moja kutoka katika kitenzi pasipo kutazama neno hilo limekwisha kupewa kazi gani. Onyesho ni tamasha, ni mchezo, ni kitu cha kukatia tiketi. Katika mswada wa kikundi cha maigizo matokeo yake yanachekesha: msomaji anaagizwa aliwashe onyesho kabla ya onyesho kuanza, na alizime onyesho onyesho likiisha.

Nusu ya pili ni hiyo "kichwa juu". Maneno haya ni ya marubani. Kwao maana yake ni kwamba rubani anasoma habari zake akiwa ameinua kichwa, hainamii meza ya vipimo. Yakihamishwa neno kwa neno, ile sababu haihami pamoja nayo. Fundi alielewa kwamba kitu hiki hukaa juu ya kichwa, na kwa kweli alikuwa ameanza kutoboa tundu utosini mwa kofia. Istilahi iliyotafsiriwa neno kwa neno huonekana kuwa na uaminifu, lakini uaminifu wake ni kwa sauti za lugha nyingine, si kwa kitu chenyewe.

Mwandishi mwenyewe, baada ya kusikia kisa cha tundu, alileta neno jipya: usobini. Amelichonga kwa mfano wa darubini na hadubini. Nimelipenda kwa ujasiri wake. Darubini limetujia kutoka Kiajemi, ambako kipande cha mwisho kina maana ya kuona, na hadubini likasimama kando yake likakubaliwa na wanafunzi wote. Kwa hiyo si haramu mtu kuifuata njia hiyo. Lakini darubini na hadubini ni vyombo vya kuonea kitu kilicho mbali au kidogo. Usobini, kwa mkabala huo, kingekuwa chombo cha kuonea uso. Watu wangelitafsiri hivyo, nao wangekuwa na haki.

Ninachopendekeza mimi ni kisomeo cha mbele, au, pale chombo kikiwa ndani ya kofia, kisomeo cha kofia. Umbo lake ni la kawaida: kama kuchezea kulivyotupa kichezeo, ndivyo kusomea kutupavyo kisomeo. Laeleza kazi, nalo halitaji kichwa, wala juu, wala onyesho. Yuko atakayesema kwamba kisomeo chaweza kuwa miwani, au meza ya kuwekea kitabu. Nami namjibu kwamba hivyo viwili vimekwisha kuwa na majina yake na havitakuja kudai hili. Yuko pia atakayeuliza kwa nini tusiliache neno la kigeni liingie kwa matamshi yetu, kama kompyuta lilivyoingia likalishinda ngamizi. Swali hilo ni la haki. Kompyuta lilishinda kwa sababu kitu chenyewe kilifika na jina lake kabla ya kamati kuketi, na kwa sababu ngamizi lilikuwa likimkumbusha mtu kuangamiza. Kwa upande mwingine kiyoyozi kimekaa, na hakuna anayeona haya kukitamka. Kisomeo hakijapata mshindani mtaani bado, kwa hiyo tunayo nafasi, tukichelewa, haitakuwapo.

Limebaki jambo la kofia yenyewe, ambalo nisingelipa nafasi kama si kwa hatari yake. Mswada mzima umeiita helmeti, na mahali pawili kofia ngumu. Maneno haya mawili, kwa kijana wa leo aendeshaye pikipiki, ni kitu kimoja: kofia imkingayo fuvu la kichwa akianguka. Kofia ya mswada huu ni ya karatasi ngumu, sifongo na plastiki nyembamba iliyopakwa rangi ya chuma. Haimkingi mtu na lolote. Tena, kwa kuwa ina maandishi yanayong'aa mbele ya jicho moja na imepunguza upana wa kuona, ni ya mwisho ambayo mtu angetaka kuivaa barabarani. Lakini kijana yeyote akisoma "helmeti yenye kisomeo" atawaza barabara kwanza na jukwaa baadaye. Liko neno la zamani, chapeo, lililotoka kwa Wareno na kupata makao katika Biblia. Ni zuri, lakini nalo ni la kujikingia vitani. Kofia ya chuma ni ya askari. Tunalo, hata hivyo, neno letu maleba, ambalo ngoma na jukwaa vimelitunza kwa mavazi ya mchezaji, na sijui kwa nini waandishi wengi hulikwepa na kusema mavazi ya kuigizia. Kofia ya maleba: hakuna atakayeipanda nayo pikipiki.

Na ile sentensi ya onyo, iliyoandikwa "haishauriwi kutumika katika vyombo vya moto", ifutwe. Hakuna anayeshauri na hakuna anayeshauriwa ndani yake. Iandikwe: Usiendeshe gari wala pikipiki ukiwa umevaa kofia hii.

Kwa mengine mswada unastahili sifa. Betri, swichi, waya, chaji, lehemu na gundi vimetajwa kwa majina ambayo kila karakana huyajua, na mwandishi hakujaribu kuyapamba. Sura ya betri za lithiamu, inayosisitiza zisitobolewe wala kuachwa zikapata joto ndani ya kofia iliyo kichwani mwa mtu, imeandikwa kwa Kiswahili chepesi kuliko miongozo mingi iliyopita mezani petu. Dosari moja tu: kwa kuwa kiakisi hugeuza maandishi, programu hutakiwa iyaandike kinyume, kulia kwenda kushoto, ili mvaaji ayasome sawa. Mswada umesema "yapindue". Fundi akayapindua kweli, miguu juu. Igeuzwe kuwa "yageuze kulia kwenda kushoto".

Mswada nimeurudisha pamoja na karatasi ya masahihisho, na fundi ametengeneza kofia ya pili, safari hii kwa plastiki na lenzi ya kukuzia. Niliivaa mwenyewe nikasoma mstari wa kwanza wa maneno ya mhusika bila taabu, huku nikiwaona watu waliosimama mbele yangu. Istilahi ya kisomeo nimeiandikia hoja ili ijadiliwe katika kikao kijacho. Lakini sina budi kuarifu pia nililolisikia siku ile nyuma ya pazia. Waigizaji hawasemi kisomeo, wala onyesho, wala kioo. Wanakiita mnong'onezi, kwa jina la yule mtu ambaye zamani alikaa kando na kitabu akiwanong'onezea waliosahau. Nililiandika neno hilo katika daftari langu, nikamwuliza mmoja wao, kwa ajili ya upatanisho, kama betri ikiisha wao husema mnong'onezi umezimika au amezimika. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu. "Amelala," akasema.